Upawa wa Siku ya Arobaini

Mwanamke aliyenifungulia lango la Mabirika alitazama buti zangu kwanza, akapanda hadi usoni, kisha akarudi kwenye buti. Zilikuwa nyeupe, za maabara, na nilizivaa makusudi kwa sababu sikuwa na haja ya kurudi mjini na tope la watu wale.

"Wewe ndiye dokta?"

"Ndiye mimi. Dokta Sekela Mwaipaja, kutoka Mamlaka ya Lishe."

"Tulidhani watatuma mtu mzima."

Nina miaka hamsini na miwili, ila kimo sikujaliwa. Nilimpa kitambulisho. Alikipokea kwa vidole viwili na kunirudishia bila kukisoma. Huyo ndiye Mama Chiduo, msimamizi wa mabirika yote sitini na matatu ya kijiji kile, na nakiri kwamba tulichukiana kabla hatujasalimiana.

Kijiji chenyewe hakina cha kusifia. Mvua zilipokoma moja kwa moja katika nyanda za kati, serikali ilikusanya watu kutoka huku na huku ikawamwaga kwenye uwanda mweupe ambao hata mbuzi anaupita mbio. Kila nyumba ilipewa birika la saruji lililo wazi juu, kina chake kinafika gotini, na ndani yake mwani wa kijani. Mwani huo ndio mboga yao, ndio maharage yao, ndio uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Kila Ijumaa birika lilipaswa kutiwa pakiti moja ya dawa ya Mamlaka, ambayo mabwana wa matangazo waliipa jina la Ufunguo na kuichorea jua linalotabasamu. Birika likikosa dawa, jua la siku mbili linaupausha mwani, na siku ya tatu maji yanakuwa meupe na kunuka. Hilo sikuhadithiwa. Ni mimi niliyeupanga mwani huo uwe hivyo.

Lori la dawa lilikuwa halijafika Mabirika kwa miezi minne. Nilitembea kutoka birika la kwanza hadi la mwisho, jua limesimama utosini, na yote sitini na matatu yalikuwa ya kijani kibichi.

"Dawa mmeiba wapi?" nilimuuliza.

"Tuibe wapi, na lori lenyewe tumesahau hata rangi yake?"

"Kwa hiyo miezi minne hamjatia kitu?"

"Kutia tunatia. Kila asubuhi mtu na ndoo yake, tunachota kule uwandani, tunatia…"

"Mama, nimeuliza Ufunguo. Pakiti ya bluu. Mmetia au hamjatia?"

"Hatujatia."

"Basi jibu ninachokuuliza."

Alinikata jicho. Kando ya kila birika palikuwa na ndoo ya vumbi jeupe. Nilidhani ni chokaa ya kupaka kuta, nikaandika kwenye daftari langu kwamba usafi wa eneo ni hafifu.

Tulifika kwenye birika lililozungushiwa uzi mwekundu. Msichana mmoja alikuwa amekaa ukingoni, anamnyonyesha mtoto mchanga na huku anakoroga maji kwa mguu. Mama Chiduo alisema huyo ni Nyemo, mke wa mwanawe, na kwamba ana siku thelathini tangu ajifungue.

"Huo uzi wa nini?"

"Ni birika la mzazi. Kwa siku arobaini halitiwi kitu cha kiwandani, kama yeye mwenyewe asivyokula cha kiwandani. Siku anayojifungua tunalimwaga, tunalisugua, kila nyumba inaleta upawa mmoja kutoka kwenye birika lake na kummiminia. Siku ya arobaini kila nyumba inakuja kuchukua upawa wake, inaurudisha kwake."

"Na likifa kabla ya hizo arobaini?"

"Miaka ya kwanza yalikuwa yanakufa. Unakuta kijani kidogo tu kimejishika pembeni. Tunachota hichohicho. Wewe ungetoka kwa mzazi mikono mitupu?"

Nilicheka, tena kwa sauti. Niliwaandikia watu hawa mwongozo wa kurasa sabini wenye picha, unaokataza kuchanganya maji ya birika moja na jingine, na kumbe kila anapolia mtoto wao wanayachanganya yote.

"Mnazaa wangapi kwa mwaka?"

"Arobaini, hamsini. Mnataka kutuzuia na hilo?"

*

Nyumba ya wageni ya serikali iko kilomita kumi na mbili kutoka hapo. Inaendeshwa na Bwana Mgoli, mpishi anayejua chakula kimoja tu, ugali na mlenda, na anayekupakulia kama anakufadhili. Niliweka darubini na mashine zangu kwenye meza ya kulia, nikamwambia asiguse kitu.

Nitaeleza mara moja tu, kwa lugha ambayo hata Mkurugenzi wangu angeielewa kama angekuwa na tabia ya kusikiliza. Ndani ya kila chembe ya mwani kuna chumba cha kijani, na ndani ya chumba hicho kuna tando zilizopangwa safu juu ya safu kama chapati kwenye sahani. Tando hizo ndizo zinazodaka jua. Katikati ya utando kuna protini moja inayounguzwa na jua hilohilo. Mchana mkali haimalizi hata nusu saa, na isipobadilishwa upesi utando mzima unakufa. Mimi huiita kipuri.

Sasa, protini nyingi za chumba hicho hutengenezwa nje yake. Kila moja hutoka na mkia wa anwani. Mlango wa chumba unausoma mkia, unaiingiza protini, unaukata mkia na kuutupa. Ndani kuna mkia wa pili, na kuna mpagazi anayeusoma na kuisukuma protini mpaka ndani ya utando wake. Anwani ikikosewa, protini inabaki nje na chembe inaitafuna. Kipuri kwa asili yake hutengenezwa humohumo chumbani, hakina safari ndefu. Mimi nilikihamishia nje. Nikakipa mkia wangu mwenyewe, nikajenga mlango mmoja tu unaousoma, na mlango huo haufunguki bila Ufunguo. Nilipewa nishani. Picha yangu ilining'inia kwenye korido ya Mamlaka mpaka walipohitaji msumari wake kwa ajili ya kalenda.

Jioni ile nilijua kilichotokea Mabirika, na nilijisikia mjinga kwa namna ambayo siizoei. Mlango wangu ulikuwa mzima, umefungwa vilevile nilivyouacha. Ila kipuri hakikupitia kwangu tena. Mkia wake ulikuwa umepoteza kipande, na kwa kupoteza kipande ukawa unafanana na mikia ya zamani kabisa, ile inayobebwa na mpagazi mkongwe ambaye mwani umekuwa naye tangu enzi za bakteria. Mpagazi huyo sikumwondoa nilipojenga kufuli. Nisingeweza, kwa kuwa anabeba na protini nyingine, na ukimwondoa chembe inakufa. Hatari hiyo niliiandika chini ya ukurasa wa kumi na tisa wa ripoti yangu. Mkurugenzi aliifuta kwa sababu iliharibu mpangilio wa ukurasa.

Na nani aliyekifundisha kipuri njia ya uani? Wazazi wa Mabirika. Kila mtoto alipozaliwa walichanganya mwani wa nyumba zote, wakaunyima dawa siku arobaini juani, wakachota kilichosalia na kukigawa tena kijiji kizima. Miaka kumi na miwili, mara arobaini au hamsini kwa mwaka. Ningeomba ruhusa ya kufanya jaribio la namna hiyo maabara ningeambiwa nimerukwa na akili. Wao walilifanya kwa adabu ya kumtembelea mzazi.

Nilimpigia Mkurugenzi. Anaitwa Rweyongeza, ana shahada tatu, na hajawahi kushika chupa ya maabara pasipo mpiga picha kuwapo. Uso wake ulijaa kioo chote cha simu yangu.

"Dokta, nipe jibu la kimkakati. Ni sumu au si sumu?"

"Si sumu. Nimepima mara tatu. Ni chakula kilekile tulichowapa."

"Basi hali ni mbaya kuliko nilivyodhani."

"Ndiyo, ni mbaya. Mwani huu hauna kufuli. Kilomita ishirini kutoka hapa kuna Bwawa la Msisi, na miji miwili inakunywa pale. Mtoto mmoja akienda na kopo…"

"Fomu ina visanduku viwili, Dokta. Sumu, si sumu. Sheria hainiruhusu kumwaga chakula cha raia ila kiwe sumu. Nichagulie kimoja."

"Mkurugenzi, ukweli hauingii kwenye visanduku vyako."

"Basi uache nje," alisema, akakata simu. Nakiri ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu kilichonikaa kichwani.

Lazima niseme habari ya Bwawa la Kilulumo, maana bila hiyo nitaonekana mwovu tu, nami ni mwovu mwenye sababu. Miaka ishirini na minne iliyopita, kabla ya kufuli langu, mwani wa kwanza wa Mamlaka ulitoroka ukaingia Kilulumo. Wiki tano ukawa umefunika maji yote, ukaoza, samaki wakaelea. Baba yangu alikuwa bwana samaki wa pale. Wakubwa walimtaka asaini kwamba samaki wako salama. Alisaini. Na kwa kuwa alipenda kujionyesha, alimla mmoja mbele ya mkutano, akajilamba vidole watu wakacheka. Alikufa siku ya nne. Waliomwamini walimfuata, watu thelathini na wanane. Nilimlilia baba yangu, lakini nilimdharau kwa saini ile zaidi ya nilivyomlilia, na kufuli nililitengeneza kwa dharau hiyo.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Nikisema kweli, mwani usio na kufuli unabaki Mabirika, na Msisi itakuwa Kilulumo siku yoyote. Nikisema uongo, watu elfu moja wanamwagiwa chakula chao na kungojea lori ambalo halikuja miezi minne. Mwaka uliopita, kwenye kijiji kingine cha mabirika, lori lilichelewa, na watoto kumi na mmoja walizikwa kabla halijafika. Mamlaka iliviita vifo hivyo changamoto za usafirishaji.

Nilijaza chupa nne. Mbili niliziwekea mwani ndani ya maji ya birika, na mbili ndani ya maji ya Bwawa la Msisi niliyochota njiani. Nikazipanga dirishani juani. Nilitaka picha ya chupa za Msisi zikiwa zimejaa kijani, niwaonyeshe wote watakaonilaumu baadaye kwamba nilikuwa sahihi.

*

Rweyongeza alikuja mwenyewe keshokutwa yake, na magari mawili ya klorini na vijana sita waliovaa barakoa. Alivaa kofia ya plastiki ngumu, sijui aliogopa nini kimwangukie katika uwanda usio na hata mti. Aliwahutubia watu. Alisema Mamlaka inawapenda. Alisema mbegu mpya na dawa vitafika ndani ya siku saba.

"Siku saba za nani?" aliuliza Mama Chiduo. "Zako au zetu?"

Watu wakacheka. Rweyongeza akacheka nao, kwa kuwa hakuelewa.

Fomu iliwekwa juu ya boneti ya gari. Mama Chiduo alikuja na bakuli la uji wa kijani, akasimama mbele yangu. Safari hii hakutazama buti.

"Wewe umepima," alisema. "Watu wameuziwa maneno mengi hapa leo, mimi nataka lako moja. Mwani wetu una sumu?"

"Mama, ni jambo refu."

"Lifupishe. Nyemo anakula huu tangu alfajiri na mtoto yuko titini. Nimkataze?"

Nyemo alikuwa ukingoni mwa birika lake lenye uzi mwekundu, mtoto mgongoni, anatutazama. Nilifungua mdomo nimwambie Mama Chiduo habari ya milango na mikia na wapagazi, kisha nikaona haina maana. Ataelewa nini? Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno, na naliandika hapa ili lisipotee.

"Mkataze," nilisema.

Nikaweka alama kwenye kisanduku cha sumu, nikasaini. Nilijiambia kwamba baba alisaini uongo ulioua watu, na mimi nasaini uongo wa kuokoa watu wa miji miwili, na kwamba tofauti hiyo inatosha.

Mama Chiduo aliumwaga uji ule chini, taratibu, karibu kabisa na buti zangu. Akasonya, akaondoka.

Klorini haina kelele. Vijana walipita birika hadi birika, na nyuma yao kijani kilififia kikawa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Birika la Nyemo walilimaliza mwisho. Mmoja wao aliuliza kama uzi ukatwe. Rweyongeza akamwambia aukate, kwa sababu za kiusalama.

*

Siku tatu nilikaa nyumba ya wageni nikiandika ripoti nzuri. Siku ya nne Bwana Mgoli aliniletea mlenda wangu, akasimama kando ya dirisha.

"Dokta, nitupe hizi chupa mbili? Zimeoza, zinanuka."

"Zipi?"

"Hizi nyeupe."

Niligeuka. Chupa za maji ya birika zilikuwa za kijani kibichi. Chupa za Msisi, zile nilizozitaka zijae kijani kwa ajili ya picha, zilikuwa nyeupe. Mwani usio na kufuli, niliowaulia watu chakula kwa kuuogopa, haukuweza kuishi hata wiki moja katika maji ya bwawa nililokuwa nalilinda.

Kwanza nilikataa. Nikasema nimekosea kipimo. Nikarudia kwa mwani mpya kutoka chupa za kijani, na kufikia mchana wa pili ulikuwa umepauka tena. Nilikaa mezani nikautazama mlenda uliopoa. Sikuwa na mtu wa kumtukana, na hiyo ni hali ngumu kwangu.

"Hupendi?" aliuliza Bwana Mgoli. "Leo umeteleza vizuri. Nimepata magadi mazuri, ya uwandani kule kwa Mama Chiduo. Mlenda bila magadi hauivi."

"Magadi?"

"Wao wanachota kwa ndoo. Wanatia kila kitu magadi wale. Mpaka kwenye mabirika."

Kutia tunatia. Kila asubuhi mtu na ndoo yake, tunachota kule uwandani, tunatia…

Nilimnyang'anya kibakuli chake cha magadi. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya Msisi, nikatia mwani, nikaweka juani na kukaa pembeni yake kama mlinzi. Siku ya kwanza kijani. Siku ya pili kijani. Chupa ya jirani yake, maji yaleyale pasipo magadi, ikawa maziwa.

Kwa nini iwe hivyo, bado sijui yote. Nadhani mkia ule uliokatika unajikunja sawasawa pale tu chembe inapoishi kwenye maji ya magadi, ndipo mpagazi mkongwe anapoutambua. Katika maji ya bwawa yasiyo na magadi unalegea, kipuri kinabaki nje, na utando unaungua. Kwa hiyo kufuli lilikuwapo. Ni kufuli jipya, ambalo ufunguo wake hauji na lori. Umelala chini bure, mwendo wa saa moja kutoka kwenye nyumba zao, na Bwawa la Msisi halinao. Sitadanganya kwamba halitavunjika kamwe, langu nalo lilivunjika. Lakini lilikuwa bora kuliko langu kwa kila hali, na halikuandikiwa mwongozo wala kupewa nishani. Miaka kumi na miwili nilikuwa najiona mtu pekee nchini anayejua kufunga mlango ule.

Nilituma barua Mamlaka na nakala mahakamani. Niliandika kwamba mwani wa Mabirika haukuwa sumu, kwamba nililijua hilo niliposaini, na kwamba saini yangu ni ya uongo. Rweyongeza alinipigia kabla sijanawa mikono.

"Unajua utafungwa?"

"Najua."

"Na hizo sampuli uziteketeze. Ni amri."

"Mkurugenzi, umeshawahi kula mlenda?"

"Nini?"

Nilikata mimi safari hii. Kisha nikazimimina chupa zangu mbili za kijani kwenye madumu mawili ya lita tano, nikaziongezea maji na magadi, nikaanza kuhesabu siku za Nyemo.

*

Nilifika Mabirika siku ya arobaini, asubuhi. Lori la siku saba halikuwa limekuja. Lango lilikuwa wazi, na njia kati ya mabirika meupe haikuwa na mtu. Nilidhani wamehama.

Walikuwa kwa Nyemo wote. Birika lake lilikuwa limesuguliwa, limejazwa maji mapya, na uzi mwekundu uliokatwa ulikuwa umefungwa fundo na kurudishwa mahali pake. Watu walijipanga kulizunguka, nyumba baada ya nyumba, kila mmoja na upawa wake mkononi. Walikuja kuchota, na ndani hamna kitu. Walichota maji matupu, kila mmoja akambariki mtoto, akasogea. Walikuwa wameshakonda. Nyemo mwenyewe mifupa ya shingo ilikuwa imechomoza, na mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena.

Mama Chiduo aliniona. Hakuinua sauti.

"Umekuja kutuhesabu?"

"Nimekuja kuwaambia kwamba nilidanganya. Mwani wenu haukuwa na sumu."

"Hilo tulilijua. Sisi tulikuwa tunaula." Akanionyesha kwa kidevu nyumba moja iliyofungwa mlango. "Nyumba ya kumi na saba hawako kwenye mstari. Mtoto wao wa miaka miwili alikuwa anaharisha, na hatukuwa na uji wa kumpa. Tumemzika juzi. Anaitwa Lameck. Andika kwenye daftari lako."

Sikuwa na daftari. Nilisema pole, na neno lilitoka dogo kuliko nilivyowahi kulisikia. Niliyaweka chini madumu yangu mawili, na wale waliokuwa karibu wakaiona rangi yake. Mzee mmoja akashusha upawa wake. Nyemo akasimama.

"Ni wenu," nilisema. "Ndio uliobaki. Kwa jua hili, wiki tatu birika hili litakuwa limejaa, na mtagawiana nyumba zote."

Nilitarajia wanishukuru. Hata wakati ule, baada ya yote, kuna kipande changu kilichosimama pale kinangoja kushukuriwa, na ndicho ninachokidharau kuliko chochote nilichowahi kukidharau kwa Rweyongeza.

Mama Chiduo alitazama madumu, akatazama buti zangu.

"Vua hizo."

Nilivua. Ardhi ya pale inaunguza.

"Ingia umimine mwenyewe. Mgeni wa mzazi hamiminiwi na mtu."

Niliingia kwenye birika la Nyemo, maji yakanifika magotini. Nilimimina dumu la kwanza, na la pili, na kijani kikajitandaza polepole kuzunguka miguu yangu, chepesi mno hata ungedhani ni kivuli. Mstari mzima ulikuwa unatazama. Mama Chiduo alichukua ndoo yake ya vumbi jeupe, akaipakata ukingoni.

"Sasa," alisema, "niulize tena lile swali lako la siku ile, ulilonikatiza nikilijibu."

Nilijua jibu. Nilikuwa nalo katika barua, katika chupa, katika vipimo vya siku sita.

"Mama, mnatia nini humu?"

Aliingiza mkono kwenye ndoo, akaanza kuyapukuchua magadi kwa vidole, bonge kwa bonge, bila haraka yoyote, huku anazungumza na mjukuu wake. Na mimi nilisimama ndani ya maji, miguu mitupu, nikingoja nijibiwe.